Mguu Niliouanika na Mpunga

Aprili 28

Nesi Yudith wa Mikumi kaniambia niandike hali ya kidonda kila siku, mistari miwili mitatu tu inatosha. Mistari miwili mitatu! Mimi Joha binti Mwinshehe, ambaye insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa zima, leo nipimiwe maneno kama chumvi! Daftari langu, mguu wangu. Nitaandika ninavyotaka.

Hali yenyewe ni hii. Februari, kwenye palizi ya mpunga, jembe liliteleza likanipiga mguu wa kushoto, juu, karibu na vidole. Nikafanya tunavyofanya wote. Nilipasua zile kapsuli za rangi mbili, nikanyunyizia unga wake, nikafunga tambara, nikarudi kwenye maji. Kidonda kikafunga juu, kikaoza ndani. Kilosa wamenidunga sindano mpaka nikawa siwezi kukaa. Daktari akasema vijidudu vyangu vimeshazoea dawa, vinazinywa kama chai. Kilichobaki ni kukata, chini ya goti. Alisema hivyo huku anatafuta chaja ya simu yake! Nilishtuka hata machozi hayakutoka.

Ndipo tukaelekezwa Mikumi, kwa hawa watafiti wenye jeli.

Aprili 29

Jana nilichoka, leo nieleze vizuri. Aliyenisindikiza ni Limi, mke wa Cornel, mwanangu wa pekee. Limi ni Msukuma. Baba yake, mzee Maduhu, anafuga kule Kilangali. Siku ya posa niliapa mbele ya watu kwamba mguu wangu hautakanyaga kwa mfugaji, maana najua ng'ombe walivyonilia mpunga shambani miaka ile. Cornel akaoa hivyo hivyo. Binti mwenyewe haongei. Akinisalimia anapiga magoti mpaka chini, shikamoo mama, kisha kimya. Mtu asiyeongea mimi simwamini.

Sasa hiyo jeli. Inateleza kama mlenda, rangi yake kama juisi ya ubuyu. Nesi Yudith alinipaka kidondani, akafunga mapazia, akawasha kitaa cha mwanga wa kijani. Mtume! Mguu wangu ukawaka! Jeli iling'aa hadi nikaona vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Nilipiga ukelele, watu wakaja kuchungulia mlangoni.

"Tulia, mama," nesi akasema. "Dawa imelala ndani ya jeli. Mwanga ndio unaiamsha. Ikiamka inaua vijidudu, hata hivyo vilivyozoea sindano."

Aliendelea kumweleza Limi mengine mengi, ila mimi nilikuwa namsimulia bibi wa kitanda cha pili habari za kukatwa miguu, naye alikuwa na zake. Tumepewa pakiti za jeli, taa, na kipaneli kidogo cha jua cha kuchajia taa. Kurudi, tembo wamesimama barabarani, tumekaa tunawasubiri wamalize mazungumzo yao.

Mei 3

Mvua. Mguu unauma.

Mei 6

Mvua tena. Utaratibu wa Limi ni huu: asubuhi ananipaka jeli, anafunga kitambaa cheupe, halafu juu yake anazungusha kaniki. Kaniki nyeusi tii! Jioni akitoka shambani anafungua, anafunga dirisha, anamulika mpaka taa ijizime yenyewe. Nikamuuliza, kaniki ya nini, nimekufa? Akaanza, "Mama, nesi alisema..." Nikamkatisha. Nesi, nesi. Kila kitu nesi.

Mei 11

Harufu imepungua. Nimenusa mara nyingi nihakikishe. Imepungua kweli.

Mei 19

Jamani! Limi kafungua leo, chini ni nyekundu kama nyama ya buchani asubuhi. Usaha hakuna. Nimemwita jirani yangu Paulina aje aone. Kaingia, kaona, halafu kaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hii kaniki?"

"Mkamwana wangu ndiye anaiweka."

"Joha, dawa yako si ni mwanga? Sasa mtu anakufunika na kitu cheusi kutwa nzima, wewe hushangai?"

Nilikuwa sijashangaa. Sasa nimeanza.

Mei 20

Paulina karudi na maneno mengine. Anasema kila jioni akimaliza kunimulika, Limi anakwenda kule kwenye kichuguu nyuma ya nyumba kuongea na simu. Nimesikiliza mwenyewe. Ni kweli! Anaongea kwa sauti ndogo, anasema "ndiyo, ndiyo," anacheka kidogo. Hapa ndani hajawahi kucheka.

Juni 2

Mvua zimekatika. Mpunga umekomaa wote kwa pamoja, Cornel na Limi wanavuna tangu alfajiri. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kiti uani, kulinda mpunga ulioanikwa kwenye turubai, na kufukuza kuku. Kuku wa Paulina hawana adabu kama mwenyewe asivyo na kifua cha siri.

Juni 3

Leo nimepata akili. Nimekaa natazama turubai, nikajiuliza, mpunga ukitoka shambani unakuwa umelowa. Usipoanikwa unaota ukungu, unaoza. Tunauanika juani, unakauka, unakaa ghalani mwaka mzima. Na kidonda changu tatizo lake ni nini? Kimelowa, kinaoza. Na dawa yake ni nini? Mwanga. Sasa kitaa kidogo namna ile, kinawaka kidogo tu jioni, kinafanya kazi yote ile. Je, jua la Mungu?

Nikafungua kaniki na kitambaa. Nikanyoosha mguu kwenye turubai, kati ya mpunga. Jeli ikapata joto, ikanichonyota kidogo, ikapauka, ule wekundu wake ukaisha. Nikasema, naam, dawa imeamka yote. Kabla hawajarudi nikafunga kama ilivyokuwa. Paulina anasema nina akili kuliko madaktari wote wa Mikumi.

Juni 4

Nimeanika.

Juni 5

Nimeanika. Kidonda kinakauka, kimeshika gaga. Jioni Limi alipofungua alitazama muda mrefu. "Mama, kitambaa kuna mtu amefungua?"

"Unanihoji? Mimi ni mtoto wako?"

Akainamisha kichwa. Kisha kwenye kichuguu na simu yake. Amerudi anasema, "Mama, kesho twende Mikumi." Nikamwambia mavuno hayamsubiri mtu. Anataka kwenda Mikumi kufanya nini, huku mpunga unapukutika?

Juni 7

Idi. Pilau aliyonipikia Paulina ilikuwa na chumvi nyingi. Cornel kala sahani mbili ingawa yeye ni Mkristo kama marehemu baba yake, Kasiani. Nimeanika asubuhi kabla ya wageni.

Juni 10

Gaga limekuwa gumu. Kidonda kimepona juu! Ila ndani kunapwita. Nimeanika muda mrefu zaidi kuondoa hilo la ndani.

Juni 12

Homa. Mkono hauandiki vizuri.

Juni 13

Harufu imerudi. Yarabi, harufu imerudi! Mguu umevimba mpaka kifundoni, ngozi inavutika na kung'aa. Nimelia kama mtoto. Paulina kaja, kaziba pua, kasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Nilisema! Kidonda kilikuwa kinapona, nani amekirudisha? Anayekifunika! Joha akiwa kilema nani atashika shamba?"

Cornel alikuwa mlangoni, magunia begani.

Juni 14

Niandike nikiwa bado na hasira, maana nikipoa nitasahau mengine.

Cornel alimwita Limi uani. Kamuuliza habari ya kaniki. Limi kasema, "Nilielekezwa nifunike." Na nani? "Na nesi." Mimi nikacheka kwa uchungu. Nikasema nesi gani anayetibu kwa mwanga halafu anaagiza giza? Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu: dawa inaamshwa na mwanga! Limi akaniangalia. Akafungua mdomo, mimi nikaendelea. Nikamtaja na huyo wa kichuguu. Nikasema, mwanangu, mkeo ana mtu, kila jioni ndiyo ndiyo, kicheko, kwako hacheki.

Uso wa mwanangu sitausahau. Alibadilika rangi. "Leta simu." Limi akasema simu haina chaji, subiri iwake nikuonyeshe. "Leta simu!" Akampokonya, akaitupa, ikapasukia kwenye kinu. Hakumpiga, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila alimwambia neno baya, kisha akamwambia, nenda kwenu.

Limi hakulia. Aliingia ndani. Nikajua anafungasha. Kumbe alikuwa ananikorogea uji! Ameuleta, ameuweka pembeni yangu kwa mikono miwili, akapiga magoti. "Nakwenda, mama. Usiache kufunika." Akaondoka na khanga aliyovaa, hajabeba hata sufuria.

Uji sikuunywa. Kisha nikaunywa.

Juni 15

Nyumba imekuwa kimya. Cornel hali. Homa imepanda. Kesho asubuhi tunakwenda Mikumi.

Juni 16

Niandike yote, hata yanayoniaibisha.

Nesi Yudith alitupokea kwa kuuliza, "Limi yuko wapi?" Hajaniuliza hata mguu! Cornel akasema kaenda kwao. Nesi akafungua kitambaa na kaniki, niliyoizungusha mwenyewe hovyohovyo, akarudi nyuma hatua. Kisha akavaa glavu mpya, akaanza kulainisha gaga kwa maji ya dawa, akaliinua taratibu kwa koleo ndogo.

Akamwita daktari. Daktari akainama, wakatazamana. Nikasema, jamani, mimi bado niko hai, semeni!

Nesi akaniletea ile koleo karibu na uso. Kwenye ncha yake kulikuwa na punje ya mpunga. Punje nzima, na maganda yake. Na ilikuwa imeota. Ilikuwa na kimzizi cheupe, kama uzi, kilichokuwa kimeingia kwenye nyama yangu.

Mpunga umeota mguuni mwangu! Nimeishi miaka hamsini na ushei, nimezika mume, nimeona mto Mkondoa ukibeba nyumba na watu wake, lakini kitu kama hiki sijaona. Cornel alitoka nje kutapika.

"Mpunga umefikaje humu, mama?" nesi akauliza.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamjibu kwa kujidai. Nikamweleza turubai, jua la Mungu, kaniki ya mkamwana, akili yangu yote. Nilikuwa nasubiri waseme ahaa. Hakuna aliyesema ahaa. Nesi alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama Cornel," akasema, "ile dawa inaamka mara moja tu. Ikipigwa na jua asubuhi, inaamka yote, inaisha. Jioni taa inamulika ute mtupu. Na ile jeli imewekwa ibaki na unyevu ndio nyama iote. Wewe umeikausha, umefunga mlango huku wezi wamo ndani. Ndiyo maana nilimwambia Limi afunike na kitu cheusi. Nilimwambia mbele yako."

Mbele yangu. Nikamkumbuka bibi wa kitanda cha pili.

"Na yeye alijua kuna kitu," nesi akaendelea. "Alikuwa ananipigia kila jioni kunieleza kidonda kikoje. Hakuna hata siku moja aliyoruka. Tarehe tano alinipigia akaniambia jeli imepauka, nikamwambia mlete kesho yake. Kwa nini hamkuja?"

Cornel alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Alisikia yote. Aliteleza ukutani akakaa chini, mtu mzima yule, akashika kichwa.

Wamekata vidole viwili vya mwisho. Mguu uliobaki wanaujaribu tena kwa jeli. Daktari kasema waziwazi: ikishindikana safari hii, ni chini ya goti, na asisikie habari za kuanika. Na nesi kasema lingine. "Jeli mpya nitatoa, lakini simkabidhi mtu mwingine. Wewe sikuamini, mama, nisamehe. Mtafuteni Limi."

Juni 18

Simu ya Limi tumeivunja wenyewe. Cornel kila nikimwambia twende Kilangali anasema, "Nitamtazama na uso gani?" Sijui. Mimi nina uso huu huu mmoja.

Paulina kaja kuuliza hali. Nimemwambia nina usingizi.

Juni 19

Niliapa mbele ya watu mguu wangu hautakanyaga kwa Maduhu. Basi kesho utakanyaga, na vidole vyake vitatu.

Juni 20

Nimekwenda kwa bodaboda, mguu umenyooshwa mbele, umezungushiwa kaniki, pakiti za jeli na taa mapajani ndani ya mfuko mweusi. Nesi kampa dereva wa kituo chao aniletee hadi Kilosa, kwa sharti nisifungue chochote mpaka nimkabidhi Limi. Nimefika, vumbi, ng'ombe wengi wanaingia zizini, wote wananitazama kama wanakumbuka niliyowahi kuwasema.

Mzee Maduhu alikuwa anachonga mpini wa jembe. Siku ya harusi sikumwamkia, nilimpa mkono tu. Leo nimesema, "Shikamoo, mzee."

Alichonga kidogo. "Marahaba." Akaita nikaletewa kigoda na maziwa. Nikaanza kujieleza, jeli, jua, simu, mpunga ulioota. Nilieleza sana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Mimi sikutukanwa. Sikufukuzwa. Kwetu, mke akirudi nyumbani mwenye neno ni yeye. Kamwambie mwenyewe."

Limi alitoka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Aliponiona alitua ndoo. Akapiga magoti, "Shikamoo, mama," kama siku zote, na mimi hilo ndilo lililonivunja. Niliitikia kwa kilio. Mimi, ambaye nilidhani yale magoti ni unafiki!

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Haikuja. Nikanyoosha mguu tu.

Aliutazama. "Nani kafunga hivi?"

"Mimi."

"Umefunga vibaya." Akagusa ncha ya kaniki, akainua macho kuangalia jua, lilikuwa linanipiga magotini. "Sogea kivulini kwanza, mama."

Juni 21

Nimelala kwa Maduhu. Jioni kamulika. Ng'ombe wanakoroma kuliko marehemu Kasiani.

Juni 27

Cornel kaja na simu mpya kwenye boksi lake. Mzee Maduhu kamkalisha nje ya zizi tangu asubuhi, hakuna aliyemwambia ingia, hakuna aliyemwambia ondoka. Saa za mchana Limi kampelekea ugali. Hajaongea naye. Simu hajaipokea. Cornel kala, karudi Kilosa. Nilitaka kuingilia, nikajiuma ulimi.

Julai 4

Cornel kaja tena. Safari hii hajaleta kitu. Kaongea mwenyewe na Limi kando ya zizi, na nimemwona mwanangu anapiga magoti. Sikusikia walichosema na sijauliza.

Julai 7

Nesi Yudith kafika mwenyewe, kafungua, kachungulia kwa tochi, kacheka. Nyama mpya, imejaa kutoka chini. Msumeno umeondoka kwangu! Nimepiga vigelegele, nikapiga tena, mpaka ndama wakakimbia.

Baadaye tumebaki mimi na Limi. Swali lilikuwa limenikaa kooni wiki zote hizi. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia kwamba jua linaiua dawa? Kwa nini hukusema ni nesi unayempigia?"

Alikuwa anazungusha kaniki. Hakuacha. "Nilisema, mama. Ulikuwa unaongea."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniingia hivi.

Julai 21

Kidonda kimefunga.

Asubuhi Limi kaniuliza, "Mama, tunarudi nyumbani lini?"